Chanjo ya ileitisi kwa nguruwe: ya kunywesha au ya sindano?

Nguruwe wengi wenye ileitisi, ugonjwa wa utumbo mdogo, hawaonekani wagonjwa. Wanakula, wanakimbizana, na kinyesi chao ni laini kidogo tu, cha rangi ya kijivu, kama uji mzito. Mambo hugundulika siku ya mizani: waliozaliwa wiki moja na kulelewa chumba kimoja wameachana kilo 10 au zaidi, na chakula kimekwisha kabla ya uzito uliotarajiwa kufika.

Mhusika ni bakteria Lawsonia intracellularis. Huingia ndani ya seli changa za utando wa utumbo mdogo, hasa ile sehemu ya mwisho kabla ya utumbo mpana, na kuzifanya zigawanyike mfululizo bila kukomaa. Utando unanenepa, lakini seli zisizokomaa hazifyonzi chakula ipasavyo. Ukipasua utumbo wa nguruwe aliyeathirika sana, utakuta kipande kigumu chenye mikunjo, kama bomba la mpira la kumwagilia. Ugonjwa ulielezwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1931, ila bakteria hakupata jina hadi 1995, kwa kuwa haoti kwenye sahani za kawaida za maabara. Anahitaji seli hai za kuishi ndani yake.

Chanjo ziko za aina mbili. Moja ni hai iliyopunguzwa makali, inayotolewa kwa mdomo, na inayojulikana zaidi ni Enterisol Ileitis. Nyingine ni ya bakteria waliouawa, inayochomwa kwa sindano. Ni Porcilis Lawsonia, ambayo nchi nyingine huiita Porcilis Ileitis. Zote mbili hupunguza madhara kwenye utumbo, kiasi cha bakteria wanaotoka na kinyesi, na upotevu wa uzito. Hakuna inayozuia maambukizi kabisa. Ubishi wa ipi ni kali zaidi hauna faida kubwa kwa mfugaji. Swali lenye maana ni hili: shamba lako linaweza kutimiza masharti ya ipi? Chanjo nzuri iliyotolewa katika mazingira yasiyoifaa ni sawa na kutochanja, tena kwa gharama.

Kwanza hakikisha ni ileitisi

Umri wa kuhara huondoa nusu ya maswali. Watoto wakihara siku 4 za mwanzo, fikiria bakteria E. koli au Clostridium perfringens. Hapo anayechanjwa ni mama: jike anayezaa mara ya kwanza hupata dozi mbili, ya pili ikiangukia wiki 2 hadi 3 kabla ya kuzaa, kisha dozi moja kila mimba. Kondo la nguruwe halipitishi kingamwili, kwa hiyo kinga yote huja na dang'a, na utumbo wa mtoto hufunga mlango huo ndani ya saa 24 hadi 36. Mtoto asiyepata angalau gramu 200 za dang'a hatasaidiwa na chanjo ya mama yake.

Kuhara kunakoanza siku ya 7 hadi 14, kinyesi cha manjano kama jibini laini, na antibiotiki hazigusi, mara nyingi ni koksidia, vimelea vya utumbo. Hiyo haina chanjo kwa nguruwe; hutibiwa kwa toltrazurili, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, mara moja katika siku ya 3 hadi 5 ya umri. Wapo wanaobadilisha chanjo za E. koli mwaka mzima huku wakipambana na koksidia.

Wiki mbili za mwanzo baada ya kuachishwa kunyonya ni za E. koli yenye vishikizo vya F4 na F18, ambavyo huinasisha kwenye utumbo. Chanjo hai ya kunywesha ipo, Coliprotec F4/F18, inayotolewa kuanzia siku 18 za umri; kinga huanza siku ya 7 na hudumu siku 21. Ukiitoa siku ileile ya kuachisha, umewaacha watoto wazi katika wiki ambayo ni mbaya kuliko zote. Watoto wakivimba kope na kuyumba kabla ya kufa, hiyo ni sumu ya Shiga ya E. koli, na chanjo yake ni nyingine tena, ya sindano.

Ileitisi huja baadaye, kuanzia wiki 6 hadi 20. Ina sura nyingine ya ghafla kwa wakubwa wa miezi 4 hadi 12: kinyesi cheusi kama lami au chenye damu, ngozi kupauka, na kifo ndani ya saa chache. Hapa tahadhari. Homa ya nguruwe ya Afrika nayo inaweza kuleta damu na vifo vya ghafla, kwa hiyo usipasue mzoga wala kuchinja waliobaki kabla daktari wa mifugo hajafika. Kuhara damu iliyochanganyika na kamasi kunaweza pia kuwa bakteria Brachyspira au minyoo ya mjeledi, na chanjo ya ileitisi haigusi hata kimoja kati ya hivyo.

Uthibitisho ni kipimo cha PCR (kinachotafuta vinasaba vya bakteria) cha kinyesi kutoka kwa wanyama kadhaa wa umri mmoja, au uchunguzi wa kipande cha utumbo. Utumbo wa machinjioni usikudanganye. Vidonda vya wiki ya 12 vinaweza kuwa vimepona wiki ya 24, na utumbo ukaonekana safi ilhali hasara ilishapita.

Kando kwa kando

| | Ya kunywesha (hai) | Ya sindano (iliyouawa) |
|---|---|---|
| Umri wa kuanza | wiki 3 | wiki 3 |
| Dozi | ml 2 mdomoni, au kupitia maji | ml 2 kwenye msuli wa shingo |
| Kinga huanza | wiki 3 baadaye | wiki 4 baadaye |
| Kinga iliyothibitishwa | wiki 17 tangu kuchanja | wiki 21 tangu kuchanja |
| Antibiotiki | hapana, siku 3 kabla, siku yenyewe na siku 3 baada | haziathiri |
| Adui mkubwa | klorini, dawa ya kuua vijidudu, joto | kuganda kwa baridi, sindano chafu |
| Kumshika kila mnyama | si lazima ukitumia maji | lazima |
| Kingamwili kwenye damu | kidogo, mara nyingi hazionekani | huonekana wazi |

Mstari wa mwisho una maana kuliko unavyodhaniwa. Ukichoma sindano, kipimo cha damu kitakuonyesha kama wafanyakazi wamewafikia wote, lakini baadaye hakitaweza kukuambia kingamwili hizo zimetokana na chanjo au na ugonjwa. Ya kunywesha ni kinyume: huwezi kuhakiki kazi kwa damu, ila ukiona kingamwili zimepanda wiki ya 14 unajua bakteria wa shambani wamepita.

Ya kunywesha inaharibikia wapi

Inaharibikia kwenye maji na kwenye chakula, na mara nyingi hakuna anayejua, kwa sababu chanjo iliyokufa haina harufu wala rangi tofauti.

Tuanze na chakula. Chanjo ni bakteria hai, na bakteria huyo huuawa na dawa zilezile zinazotibu ileitisi: tailosini, tiamulini, linkomaisini, klorotetrasaiklini. Mfugaji anaweza kuapa kwamba hajatoa dawa, kumbe chakula cha kuanzia kilichonunuliwa kina dawa tangu kiwandani. Soma kibandiko cha mfuko. Halafu angalia kihori cha kujilisha: ukimwaga chakula kisicho na dawa juu ya kilo 40 zenye dawa, watoto watakula zenye dawa kwanza, kwa kuwa ziko chini. Kihori kikombwe. Kuna pia sindano za antibiotiki za kudumu muda mrefu zinazochomwa siku ya kuachisha. Dawa ya namna hiyo hubaki mwilini siku nyingi kuliko zile 3 za kawaida. Kama desturi ya shamba ni kuchoma dawa hizo kwa kila mtoto, chanjo hai haina nafasi hapo mpaka desturi ibadilike.

Sasa maji. Siku moja kabla, pima watoto hao wanakunywa kiasi gani katika saa 4 zilezile utakazotumia. Usikadirie kwa kichwa. Tuseme chumba cha watoto 200 kimetumia lita 40 kati ya saa 2 asubuhi na saa 6 mchana. Hizo ndizo lita zako. Funga kifaa cha klorini, tindikali na vitamini saa 24 kabla, suuza mabomba kwa maji matupu, kisha changanya kinga ya chanjo: maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 2.5 kwa lita, yaani gramu 100 kwa lita 40, au sodiamu thaiosalfeti gramu 0.055 kwa lita, kama gramu 2.2. Hii hutangulia kuingia majini. Chanjo ikitangulia, klorini iliyobaki itakuwa imeshaua sehemu yake kabla maziwa hayajakoroga vizuri. Baada ya hapo ndipo unaweka dozi 200, chupa mbili za dozi 100, zilizoyeyushwa kwa maji yake. Yote yanywewe ndani ya saa 4.

Maziwa yana faida ya pili isiyoandikwa mahali pengi: yanayafanya maji kuwa na ukungu. Nenda kwenye chuchu ya maji iliyo mwisho kabisa wa bomba, ibonyeze juu ya kikombe cheupe, subiri. Yakitoka maji safi, chanjo haijafika huko, na watoto wa vyumba vya mwisho wanakunywa maji matupu huku wale wa mwanzo wakimaliza dozi zao. Toa maji kwenye bomba mpaka ukungu ufike, kisha anza kuhesabu saa. Kwa watoto wadogo vihori vya wazi ni bora kuliko chuchu, maana wanapenda kuchezea chuchu na nusu ya chanjo huishia sakafuni. Vihori viwe vingi kiasi cha wanyonge kupata nafasi. Watoto wanaweza kufungiwa maji saa 1 hadi 2 ili wawe na kiu, si zaidi, na kwenye joto kali usifanye kabisa: nguruwe aliyekosa maji kisha akanywa kwa pupa anaweza kupata madhara ya chumvi kwenye ubongo. Ukimaliza, suuza mabomba, kwa kuwa mabaki ya maziwa ni karamu ya vijidudu.

Kunywesha mmoja mmoja kunaondoa shida nyingi za hapo juu, na kwa shamba dogo ndiyo njia ya kuaminika zaidi. Bomba la kunyweshea huingizwa pembeni mwa mdomo, juu ya ulimi, na ml 2 husukumwa polepole mtoto akimeza. Ukisukuma haraka atatema, au chanjo itaingia njia ya hewa. Bomba lisafishwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa; lililosuuzwa kwa dawa ya kuua vijidudu litaua chanjo ndani ya pipa lake.

Ya sindano inaharibikia wapi

Masharti yake ni machache, ila yanahitaji mikono. Kila mnyama lazima ashikwe. Kwa nguruwe wa kilo 5 hadi 10 sindano ya geji 20 au 21, urefu wa milimita 13 hadi 16, inatosha. Huingia nyuma ya sikio, pale ngozi inapoanza kulegea, wima kabisa kuelekea msulini. Ikiingia kwenye mafuta haifanyi kazi ipasavyo na huacha uvimbe. Badilisha sindano kila uzao mmoja, au kila wanyama 10. Iliyopinda usiinyooshe, itakatikia shingoni.

Chanjo hii ina mafuta ya madini ndani yake. Kwanza, ikiganda kwenye friji imekwisha, hata ikiyeyuka na kuonekana sawa. Usiisukumie nyuma kabisa karibu na kigandishio, na weka kipimajoto kuhakikisha ni nyuzi 2 hadi 8. Pili, itoe ipate joto la chumba kabla ya kuchoma, na uitikise vizuri. Tatu, ukijichoma kidole, hata tone dogo, nenda hospitali mara moja ukiwa na karatasi ya maelezo ya chanjo. Mafuta hayo yanaweza kuziba damu kwenye kidole mpaka kikapotea. Usingoje kivimbe.

Homa ndogo ya siku moja au mbili na uvimbe mdogo ni kawaida. Kwa sababu hiyo kuchoma siku ileile ya kuachisha, kuhamisha na kuchanganya watoto ni kuwabebesha mizigo mitatu kwa pamoja. Kama unaachisha wiki ya 4, choma wiki ya 3, mtoto arudi kwa mama yake anyonye. Faida kubwa ya aina hii iko hapo pia: imeruhusiwa kuchanganywa na chanjo ya sakovirasi (virusi) na maikoplazma (bakteria wa mapafu) ya mtengenezaji huyohuyo, Porcilis PCV M Hyo, kwa hiyo mtoto anachomwa mara moja badala ya mbili. Ruhusa hiyo ni ya bidhaa hiyo tu. Kuchanganya chanjo za watengenezaji tofauti kwenye chupa moja kwa kuwa zote ni za nguruwe ni kuharibu zote mbili.

Wiki ndiyo inayoamua

Huu ndio ulinganisho ambao wengi huuruka. Chukua damu ya nguruwe kama 10 wa kila umri: wiki 8, 12, 16 na 20, kabla hujaanza kuchanja. Kingamwili huonekana wiki 2 hadi 3 baada ya kuambukizwa, kwa hiyo kama zinaanza kuonekana wiki ya 13, maambukizi yaliingia karibu na wiki ya 10. Rudi nyuma kutoka hapo. Ya kunywesha inataka wiki 3, kwa hiyo iwe imetolewa kabla ya wiki ya 7. Ya sindano inataka 4, kwa hiyo kabla ya wiki ya 6.

Kisha angalia mbele. Ukichanja wiki ya 4, ya kunywesha ina kinga iliyothibitishwa hadi wiki ya 21, ya sindano hadi wiki ya 25. Shamba linalouza nguruwe wa wiki 24 lina pengo la wiki 3 kwa ile ya kwanza. Ukiisogeza hadi wiki ya 6, pengo linabaki wiki moja, na hiyo haitoshi kunikosesha usingizi: takwimu hizo ni muda uliothibitishwa kwa majaribio, si siku ambayo kinga inazimika. Lakini maambukizi yakiwa ya mapema, wiki ya 7 kwa mfano, huwezi kusogeza, na chaguo ni kuchanja wiki ya 3 kwa chanjo yoyote kati ya hizo, au wiki ya 4 kwa ya kunywesha tu.

Majike wapya wanaonunuliwa kwa kuzalisha hutazamwa peke yao. Wakitoka shamba safi na kuingizwa kwenye lenye ugonjwa, ndio wanaopata ile sura ya damu na kufa ghafla, tena wakiwa na gharama kubwa zaidi. Wachanje karantini, angalau wiki 4 kabla ya kuchanganywa na wengine.

Nani achague ipi

Shamba lenye nguruwe wengi, mfumo wa maji unaodhibitika na wafanyakazi wachache litafanya vizuri na ya kunywesha kupitia maji, mradi antibiotiki ziwe zimetoka kwenye chakula cha wiki hizo. Shamba ambalo bado linategemea dawa kwenye chakula cha kuachishia, au ambalo maji yake ni ya klorini isiyozimika, lichague ya sindano bila kusitasita. Anayechoma chanjo ya sakovirasi hata hivyo ana sababu ya pili ya kwenda huko. Mwenye majike 5 hadi 10 anaweza kuchagua yoyote, na mimi ningempa ya kunywesha mmoja mmoja kama watoto wake wana nguvu na hawajachomwa dawa, ila aulize kwanza chupa ndogo zaidi ina dozi ngapi. Chupa ya dozi 50 ikifunguliwa kwa watoto 22, zilizobaki zinamwagwa, na bei halisi ya dozi imezidi maradufu.

Bei yenyewe ipimwe kwa chakula. Nguruwe anayekua kutoka kilo 30 hadi 100 anaongeza kilo 70. Akishusha chakula anachohitaji kwa kila kilo ya uzito kutoka kilo 2.9 hadi 2.8, ameokoa kilo 7 za chakula. Gawanya gharama ya dozi, pamoja na muda wa kazi, kwa bei ya kilo moja ya chakula. Jibu likiwa chini ya 7, na tofauti hiyo ipo kweli kwako, chanjo imejilipa kabla hujahesabu siku zilizopungua na waliokwepa kudumaa.

Kujua kama tofauti ipo kweli kunahitaji kulinganisha vikundi vya wakati mmoja. Ukilinganisha mwaka huu na uliopita, chakula, hali ya hewa na mbegu vitakuwa vimebadilika pia. Chukua makundi matatu ya kuachishwa yaliyochanjwa na matatu yasiyochanjwa, kwa kupokezana wiki kwa wiki, pima kila mnyama anapoingia wiki ya 10 na anapotoka, na andika chakula cha kila chumba kando. Usiangalie wastani peke yake. Ileitisi hukaa mkiani, kwenye wale robo ya chini, kwa hiyo panga uzito kutoka mkubwa hadi mdogo na uone kama mkia wa waliochanjwa umepanda. Wastani unaweza kupanda kilo 2 tu huku wale wa mwisho wakiwa wamepanda 8, na hao ndio walioshikilia chumba kwa wiki mbili za ziada kila mara.